Kuandika mambo unayoyathamini ili upunguze pombe: kuna aliyejaribu hapa Malindi?

#1 Mwana_wa_Barani
Jamani, habari za jioni. Nina swali, na mahubiri sitaki.

Shemeji yangu anaendesha tuktuk hapa mjini. Akishakabidhi hesabu kwa mwenye chombo, guu mosi guu pili hadi mangwe, kule kilabuni kwa tembo la mnazi, na mnazi ukimkinai anahamia kwenye kegi, bia ya pipa. Tumesema mpaka tumechoka. Sasa kuna mshauri nasaha amempa kazi ya ajabu. Hakumwambia aache wala apunguze. Amempa daftari: kila jioni kabla ya kutoka aandike jambo moja analolithamini maishani na kwa nini analithamini, aya moja tu, halafu aende zake atakako. Neno pombe halimo humo ndani hata kidogo.

Ukurasa mmoja alinionyesha mwenyewe. Kaandika jinsi marehemu babake alivyomfundisha kutega madema kule Mayungu, na kwamba mzee hakukubali kumuuzia mtu samaki aliyelala, hata mteja akiwa mgeni asiyejua kitu. Mwandiko wa kuvutana, kalamu imetoboa karatasi mahali pawili.

Dada anaapa kwamba jamaa amepunguza. Sasa madema na kegi vinakutana wapi? Hii kitu ina ukweli au ni upepo tu, utapita?

#2 Dereva_Kimya
Hesabu ya tuktuk siku hizi haimwachii mtu pesa ya kulewa. Hapo ndipo alipopunguzia. Uzi ufungwe 😂

#3 Kadzo_wa_Ganda
Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mnywaji akijisifu mwenyewe kwenye daftari je, naye atalitia maji? Kama ndivyo basi dawa imepatikana.

#4 Mgema_wa_Msabaha
Kadzo usinianze. Nagema miaka yote hii na tembo langu halijaona maji. Wanaotia maji ni wauzaji wenu wa mjini, wakitoka hapo wanakuja kunilaumu mimi.

Mtu akitaka kupunguza anywe la asubuhi. Lile ni tamu, halina kilevi. La jioni ndilo lenye vita. Likikaa zaidi ni siki, wape akina mama wapikie.

#5 Nesi_Mstaafu
Nitakuwa mrefu, mnivumilie.

Kwanza Mgema, hapana. Tembo huanza kuchacha likiwa bado huko juu ndani ya kibuyu, maana chachu ya jana imo. La asubuhi lina kilevi, kidogo tu, ila kimo.

Pili, daftari. Asili yake ni wazo la mwanasaikolojia wa Marekani, Claude Steele, aliloliandika 1988. Kila mmoja wetu anataka kujiona ni mtu wa maana, mwenye akili zake timamu. Ukimjia mnywaji na habari za "pombe itakuua", umemgusa heshima. Hapo anaanza kujitetea: babu yangu alikunywa mpaka akafika miaka tisini, daktari mwenyewe anakunywa, mbona wasiokunywa wanakufa pia. Lakini akiwa ametoka kukumbuka upande wa maisha yake uliosimama imara, iwe ni ufundi, dini, urafiki au jambo alilorithi kwa babake, ule ubishi unapungua nguvu. Onyo linapata pa kuingilia.

Mwaka 2005 kule Uingereza, Peter Harris na Lucy Napper waliwapa wanawake vijana maelezo kuhusu pombe na saratani ya matiti. Baadhi yao waliandikishwa kwanza kuhusu jambo wanalolithamini. Miongoni mwa wanywaji wakubwa, hao walioandika ndio waliolipokea lile onyo vizuri zaidi. Madema na kegi vinakutana hapo, Mwana_wa_Barani.

#6 Mwana_wa_Barani
Nesi ahsante. Hiyo ya babu wa miaka tisini ndiyo sentensi yake! Tena babu mwenyewe simjui, nahisi umri anauongeza kila mwaka.

#7 Mshindi_Daima
Mambo haya ni ya zamani. Kulikuwa na mfamasia Mfaransa, Émile Coué, akiwaambia wagonjwa wajirudie kila siku kwamba kwa kila namna wanazidi kuwa bora. Mimi kila asubuhi mbele ya kioo najiambia "mimi ni mshindi, pombe hainiwezi". Akili ni udongo, unaifinyanga utakavyo. Hakuna haja ya daftari wala mshauri.

#8 Kadzo_wa_Ganda
Mshindi, harusini kule Mtangani tulikubeba wanne, na viatu vyako mpaka leo viko kwa mamangu. Kioo chako kina ukungu.

#9 Mshindi_Daima
Siku hiyo nilikuwa na malaria.

#10 Mwalimu_wa_Gede
😂😂 Malaria ya makreti.

Turudi kwenye mada. Mshindi #7 amechanganya vitu viwili. Kujirudia maneno matamu mbele ya kioo ni jambo jingine kabisa na lile alilolieleza Nesi. Tena lina hatari yake. Joanne Wood na wenzake wa Kanada walilipima 2009: watu waliokuwa tayari wanajiona duni, walipotakiwa wajirudie kwamba wao ni watu wa kupendeka, walijisikia vibaya zaidi. Ni rahisi kuona kwa nini. Ukitamka neno ambalo moyo wako haulikubali, moyo unakujibu. Mlevi anayetetemeka mikono akisema "pombe hainiwezi", anayemcheka wa kwanza ni yeye mwenyewe.

Daftari la shemeji halimwambii aseme uongo. Babake kweli alitega madema. Kweli hakuuza samaki aliyelala.

#11 Baharia_wa_Amu
Salaam aleikum. Mie niko Amu, niruhusuni niseme la huku.

Hapa kwetu pombe ni jambo la kujificha. Mahali pa kunywea ni pachache, na anayekwenda anakwenda usiku na kurudi usiku, akipita vichochoro ambavyo hata punda hawapiti. Sasa nawaulizeni ninyi wa tafiti: hao hao, mwezi wa Ramadhani ukiandama, wanaacha. Hakuna daftari, hakuna Mmarekani. Idi ikipita, polepole wanarudi. Kinachowashika mwezi mzima ni nini? Mie nasema ni watu. Kila mtu anafunga, anakwenda tarawehe, na usiku baraza zimejaa, kahawa iko, kashata ziko, mazungumzo mpaka daku. Wanaorudia, wanarudia kwa sababu baraza imevunjika. Mtu hajizuii peke yake kwa kalamu.

#12 Dereva_Kimya
Mwezi wa Ramadhani pia pesa zinakwenda kwenye futari. Nimesema.

#13 Nesi_Mstaafu
Baharia, hoja yako ni nzito na sina jibu lake lote. Ila hapo kwenye kuacha ghafla nataka kila anayesoma asimame.

Kuna mnywaji na kuna aliyeshikwa. Aliyeshikwa ni yule ambaye asubuhi hawezi kushika kikombe mpaka atoe loki, yaani anywe kidogo kwanza. Huyu akikata siku moja, iwe kwa ajili ya mfungo au kwa kiapo cha kanisani, arosto ya pombe, yale mateso ya mwili kuikosa, inaweza kumuua. Kifafa kinaweza kuja ndani ya saa 6 hadi 48 tangu funda la mwisho. Siku ya pili hadi ya nne kuna kuweweseka, kuona wadudu ukutani, moyo kwenda mbio na joto kupanda. Nimewapokea wa namna hiyo wodini, na jamaa zao walikuwa wameshatafuta mganga kwa kudhani ni pepo. Huyo apelekwe hospitali apewe dawa za kumtuliza na vitamini B1, daftari litafuata baadaye.

Kuna maswali manne yanayoitwa CAGE, tangu 1984: umewahi kuona heri upunguze? umekerwa na watu wanaokusema? umejuta? umewahi kunywa asubuhi ili utulie? Ukijibu ndiyo mawili au zaidi, kaongee na mtu. Nambari ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192.

#14 Kadzo_wa_Ganda
Nimepata matatu. Jamani na mimi nilikuja hapa kucheka tu.

#15 Mwalimu_wa_Gede
Karibu Kadzo, wengi tuko hapo. Usiandike tena hadharani, piga hiyo nambari.

#16 Fundi_wa_Maweni
Nilikuwa nasoma tu ila nimeona niandike. Mimi nimejaribu.

Ni seremala, nachonga milango. Nikipokea malipo ya awali, jioni hiyo yote inakwenda. Mshauri (labda ni huyo huyo) alinipa hilo zoezi nikaandika kuhusu kazi: jinsi ninavyochagua mbao ya mvule, jinsi ninavyokataa kutumia msumari pale panapotaka ulimi. Kusema kweli niliona raha kuandika. Lakini nikitoka nje, raha ile ilikuwa imeshaisha nikifika njia panda.

Kilichonisaidia ni alipoongeza kitu kidogo. Akaniambia niandike sentensi moja yenye "ikiwa" na "basi". Yangu ilikuwa: ikiwa nitapokezwa mrija na moyo ukaanza kunienda mbio, basi nitawaza ule mlango ninaouchonga. Nikaijaribu kwenye matanga kule Kakuyuni. Mnaijua hali yenyewe: mtungi katikati, mirija imezama, kila mmoja umefungwa kichujio cha nyuzi za mnazi nchani, mtu anavuta, anafuta mdomo, anampisha mwenzake. Ukiukataa mrija wote wanageuka kukutazama, mpaka marehemu unahisi anakutazama. Zamu yangu ilipofika nikauwaza ule mlango, fremu ya juu nilikuwa sijaamua nichonge yungiyungi au mnyororo. Nikavuta mara moja kwa heshima nikaupitisha. Ukirudi tena, nikaupitisha. Kabla ya hapo sikuwahi kuupitisha mrija maishani mwangu.

Sijaacha. Nakunywa. Ila malipo ya awali yanafika kwa muuza mbao.

#17 Mwalimu_wa_Gede
Fundi, hilo ulilopewa linafahamika. Christopher Armitage na wenzake, Uingereza, 2011: watu walisomeshwa onyo kuhusu pombe, baadhi wakapewa sentensi ya namna hiyo, kwamba ikiwa nitahisi kutishika au wasiwasi, basi nitawaza mambo ninayoyathamini kwangu mwenyewe. Baada ya mwezi mmoja walikuwa wamepunguza kunywa kuliko wale ambao hawakupewa.

#18 Mama_Chumvi
Mnaongea kama kwamba wanaokunywa ni wanaume tu.

Nafanya kazi kwenye hoteli moja ya ufukweni, sisemi ipi. Mvinyo unabaki kwenye chupa za wageni, nasi tunaosafisha meza tunajua uendako. Nilianza kwa kumalizia. Baadaye nikawa nanunua wangu, nakunywa jikoni usiku watoto wakilala, hakuna jirani anayejua. Sisi hatuna mangwe wala mrija wa kupitisha, Fundi. Sisi tuna kabati.

Nilipewa zoezi hilo hilo na nikachagua wanangu, maana ungeandika nini kingine? Mstari wa tatu nikakumbuka mkutano wa shule niliokosa kwa sababu ya kichwa kuuma. Sikumaliza aya. Nililifunga daftari nikafungua chupa, na usiku ule nilikunywa kuliko kawaida. Kwa hiyo mtu akiniambia eti kuandika unayoyathamini kunatuliza, namwambia kunachoma.

#19 Nesi_Mstaafu
Mwanangu, pole. Umesema jambo ambalo washauri wengi hawalisemi. Zoezi hili linataka uandike kuhusu kitu ambacho pombe haijakifikia. Ukiandika pale pale penye kidonda, unajihukumu mara ya pili. Shemeji wa #1 aliandika kuhusu babake na samaki. Fundi aliandika kuhusu mbao, hakuandika kuhusu mkewe. Jaribu jambo dogo la pembeni: unavyopika, sauti yako kwenye kwaya kama unaimba, lolote ambalo bado ni lako zima. Na likichoma, acha. Si dawa ya lazima.

#20 Mama_Chumvi
Taarab. Naimba. Nitaona.

#21 Mzee_wa_Jilore
Wajukuu, nimesomewa uzi huu na mjukuu wangu, naye ndiye anayeandika ninayosema.

Mnasema mtu aandike analolithamini. Haya. Mimi nathamini kukaa na wenzangu. Uchi wa mnazi, yaani tembo, ndio unaofungua mazungumzo ya mahari; kadzama, ule mnazi wa posa, isipotolewa hakuna mzee atakayefungua kinywa. Wahenga wetu tunawamwagia wao kwanza. Ugomvi wa shamba tumeumaliza juu ya mtungi. Nikiyaandika hayo yote kwenye daftari nikayasoma, nitapata hamu ya kwenda, si ya kubaki. Huyo Mmarekani wenu alifikiria watu ambao wanalolithamini liko upande huu na pombe iko upande ule. Huku kwetu vimekaa kwenye mkeka mmoja.

#22 Kadzo_wa_Ganda
Babu shikamoo. Lakini kadzama ni moja. Baada ya kadzama kuna mtungi wa pili, wa tatu na wa kumi, hizo ni mahari za nani?

#23 Mzee_wa_Jilore
Marahaba. Hizo ni za vijana.

#24 Mgema_wa_Msabaha
Na za mgema 🙏🏾

#25 Mwalimu_wa_Gede
Hoja ya mzee mimi imenishika zaidi kuliko zote humu, na nitawaongezea sababu ya kuwa na shaka. Chuo kikuu kimoja Uingereza walipima na wanafunzi wapya mtandaoni, Paul Norman na wenzake, majibu yakatoka 2018. Walijaribu mambo matatu: kuandika unayoyathamini, ujumbe wa wazi kuhusu ulevi, na mipango ya ikiwa-basi. Kilichopunguza kunywa ni ule ujumbe. Kuandika hakukuongeza kitu cha maana. Na 2015 walipokusanya tafiti nyingi za afya kwa pamoja, chakula, sigara, pombe na mengineyo, walikuta zoezi linasaidia, ila kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo anayekuuzia hili kama muujiza, muulize anauza nini kingine.

#26 Mshindi_Daima
Mnaona? Kioo hakijawahi kufeli utafiti.

#27 Dereva_Kimya
Mmezunguka Uingereza na Marekani, sasa nisikilizeni mimi wa stendi. Sheria ya Mututho, ile ya vileo, inasema baa zifunguliwe saa kumi jioni. Basi mimi saa tisa na nusu namtumia mke wangu M-Pesa yote, nabaki na ya mafuta. Baa ikifunguliwa mimi ni maskini. Jambo limeisha.

#28 Nesi_Mstaafu
Sheria ni ya 2010, na ni saa kumi na moja jioni siku za kazi. Wikendi na sikukuu ni saa nane mchana. Kufunga ni saa tano usiku. Una saa nzima na nusu ya kuazima pesa, Dereva.

#29 Dereva_Kimya
Ndiyo maana nadaiwa na kila mtu pale stendi.

#30 Kijana_wa_Muyeye
Mangwe inafuata sheria gani? Ile ya kwetu jogoo akiwika kuna wateja.

Halafu wengi nilioona wameacha pombe wamehamia muguka, yale majani ya kutafuna. Kilifi walipoipiga marufuku 2024 si mliona kesi ilivyokwenda? Mtu anatafuna usiku kucha, halali, halafu anajisifu hanywi.

#31 Admin
Muguka ina uzi wake, tena mrefu. Hapa ni pombe.

#32 Baharia_wa_Amu
Mwalimu, kwenye huo utafiti wa wanafunzi, walikuwa wakinywa peke yao au na wenzao? Maana mimi bado nipo kwenye baraza yangu. Fundi alipopitisha mrija hakuna aliyemlazimisha. Angelazimishwa je, mlango ungetosha?

#33 Fundi_wa_Maweni
Kuna mmoja alisema "fundi siku hizi amekuwa shehe". Nikacheka nao. Siku ya watu wabaya zaidi sijui, labda ningevuta.

#34 Mwana_wa_Barani
Nimerudi. Nimemuuliza shemeji mwenyewe, nikamsomea baadhi ya haya. Jibu lake limeniacha hoi. Anasema yeye si mwepesi wa kuandika, aya moja inamchukua muda mrefu, mpaka anamaliza wenzake wameshaondoka na viti vya karibu na mtungi vimejaa. Akifika anakaa pembeni, mrija unamfikia mara chache. "Mimi nimechelewa tu," anasema. Samaki wa babake hana habari nao.

#35 Kadzo_wa_Ganda
😂😂😂 Claude Steele alie.

#36 Nesi_Mstaafu
Mtu hajui kila mara kilichomgeuza. Anaweza kudhani ni kuchelewa.

#37 Dereva_Kimya
Au ni kuchelewa kweli, Nesi.

#38 Mwalimu_wa_Gede
Swali moja ambalo tungeuliza mwanzo. Mwana_wa_Barani, "amepunguza" imepimwaje? Anahesabu vikombe? Kipimo kimoja cha Shirika la Afya Duniani ni gramu 10 za kilevi halisi, na nusu lita ya bia ya asilimia 4.5 inakaribia gramu 18, yaani karibu vipimo viwili. Mtungi wa kuchangia ndio kabisa hauhesabiki.

#39 Mwana_wa_Barani
Dada ndiye kipimo. Zamani alikuwa akirudi dada ameshalala, anagonga dirisha mtaa mzima unaamka. Sasa anamkuta bado anatazama taarifa ya habari.

#40 Nesi_Mstaafu
Hicho ni kipimo cha saa, si cha pombe.

#41 Mwana_wa_Barani
Nimemsomea. Anasema hiyo hiyo inamtosha, na anauliza daftari kubwa la kurasa mia mbili linauzwa wapi kwa bei ya jumla.